Farasi wa Ziwa

Katika nchi nyingi za ulimwengu mtoto hufundishwa kupanda farasi. Kwanza hupanda huku mtu mzima ameshika hatamu. Baadaye hupewa hatamu mkononi mwake, lakini mwalimu husimama karibu akimtazama. Mwisho hufika siku ya kupanda peke yake, wala hapana mtu wa kumwambia vuta, legeza, au simama. Siku hiyo ndipo inapojulikana kama amejifunza kweli, au kama alikuwa akifuata sauti ya mwalimu tu.

Sisi wa Ujiji, Mwanga na Kigoma hatukukua na farasi. Adui yake mkubwa katika nchi hizi ni mbung'o. Nzi huyo akimwuma farasi humtia katika damu vijidudu vya ugonjwa uitwao nagana, na farasi hukonda, huishiwa nguvu, akafa. Mnamo mwaka 1895 daktari David Bruce, alipokuwa katika nchi ya Wazulu, alionyesha kwamba vijidudu hivyo huchukuliwa na mbung'o. Tena hata pasipo mbung'o, njia ndefu ya kutoka pwani iliwashinda farasi. H. M. Stanley alipotoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, kuja kumtafuta Dk. Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla hajapita hata robo ya njia.

Lakini hatukukosa kitu cha kupanda. Farasi wetu ni mtumbwi. Kama farasi, mtumbwi hucheza chini yako. Ukikaa vibaya, hukuangusha. Kama farasi, huweza kukupeleka mahali usipotaka, maana upepo na mawimbi huwa kama nia yake. Na kama farasi, huonyesha upesi kama aliyeukalia anajua kazi yake au hajui. Basi katika somo hili tutajifunza jinsi kijana anavyopata moyo wa kwenda na mtumbwi peke yake, na desturi za matayarisho zinazompa haki ya kuwa na moyo huo.

Mafunzo ya watoto wa Mtoni

Kwanza tuwatazame wapanda farasi wenyewe. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844, na habari za utoto wake aliziandika katika kitabu kilichochapwa mwaka 1886. Asema kwamba watoto wa jumba la Mtoni, waliopita umri wa miaka mitano, walifundishwa kupanda wanyama mara mbili kila siku, asubuhi na jioni. Walipokwisha kuendelea vya kutosha, ndipo baba yao alipowapa wanyama wao wenyewe: wavulana walipewa farasi, na wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati.

Angalia utaratibu huo. Mnyama hakutolewa kwanza, mafunzo yakafuata. Mafunzo yalitangulia, tena ya kila siku, mpaka mwili wa mtoto ukajua wenyewe la kufanya. Yeye aliyepewa mnyama wake alikuwa amekwisha kupanda mara nyingi mbele ya macho ya watu. Hivyo ndivyo impasavyo mtoto wa ziwa. Kwenda peke yako si mwanzo wa kujifunza. Ni tunda lake.

Tabia ya ziwa letu

Mpanda farasi hana budi kuijua tabia ya farasi wake. Basi na tuijue tabia ya ziwa.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa maili 420 hivi, na katika maziwa yote ya maji yasiyo na chumvi hapana lililo refu kama hilo. Mahali palipo papana zaidi upana wake ni maili 45. Kina chake chapita futi 4,800. Duniani kote ni ziwa la Baikal peke yake, katika nchi ya Urusi, lipitalo kina hicho. Pande zote mbili pana milima, na mahali pengi milima hiyo huteremka moja kwa moja mpaka majini, hata pwani ya kutua ikawa haba. Kwa hiyo mtu aliyeshikwa na upepo hawezi kutua po pote apendapo; hulazimika kuendelea mpaka apate ghuba au mchanga.

Upepo wa ziwa hufuata desturi yake. Mchana jua huipasha nchi kavu moto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huja kushika mahali pake; basi upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hugeuka, ukavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mtu aliyechoka saa ya usiku asukumwa mbali na kwao, wala haoni, kwa kuwa ni giza.

Tena pana upepo wa majira. Tangu mwezi wa Mei mpaka Septemba, wakati wa kiangazi, huvuma upepo wa kusi utokao kusini-mashariki, na siku nyingine huwa na nguvu sana. Sisi tukaao pwani ya mashariki huweza kudanganywa nao. Karibu na nchi kavu vilima hutukinga, na maji huonekana yametulia kama maji ya mtungini. Lakini ukipita rasi, kama ile ya Bangwe, unaacha kinga ya vilima, upepo unakukuta mara moja, nao unakusukuma mbali na pwani. Wakati wa masika adui ni mwingine: ni dhoruba ya ghafula, ijayo na wingu jeusi na radi, na kwa dakika chache maji yaliyokuwa kimya huwa na mawimbi yenye povu.

Wahenga walisema, Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Maneno haya yametupasa sisi wa ziwa kuliko watu wengine.

Jinsi moyo unavyojengwa

Watu wengi hudhani ya kuwa ujasiri ni kitu ambacho mtu huzaliwa nacho, kama rangi ya macho. Sivyo. Ujasiri wa kweli hujengwa kama nyumba, tofali juu ya tofali. Mtu mwenye hofu hukaza mwili wake wote, na mwili uliokazwa huutikisa mtumbwi; mtumbwi ukitikisika, hofu yazidi. Lakini mtu aliyefanya jambo lile lile mara 50 mahali pa salama, mwili wake hulegea, huufuata mchezo wa mtumbwi, na mtumbwi hutulia. Hivyo hofu haifukuzwi kwa maneno makali. Hupungua yenyewe, kadiri kazi inavyozoeleka.

Basi ngazi za kupanda ni hizi.

Ngazi ya kwanza ni kujua kuogelea. Asiyejua kuogelea asifikiri habari ya mtumbwi peke yake.

Ngazi ya pili ni kukaa. Piga magoti au kaa chini kabisa ndani ya mtumbwi, maana uzito ukiwa chini mtumbwi hautikisiki upesi. Ukisimama, uzito wapanda juu, na kosa dogo linatosha kukupindua. Hapo mtu mzima na awe pamoja nawe, yeye akikaa tezi, yaani nyuma, kuongoza. Nawe ukae omo, yaani mbele, kupiga kafi tu.

Ngazi ya tatu ni kuongoza. Sasa wewe uko tezi. Jifunze kwamba ukipiga kafi upande wa kuume, omo huelekea kushoto. Ukipiga kushoto, omo huelekea kuume. Jifunze kusimamisha mtumbwi, kuugeuza, na kuyakabili mawimbi kwa omo, si kwa ubavu. Yule mtu mzima yumo bado, lakini mwombe anyamaze. Aseme tu ikiwa pana hatari. Kunyamaza kwake ni mafunzo makubwa, kwa sababu sasa yakupasa kuuliza na kujibu mwenyewe.

Ngazi ya nne ni kupinduka kwa makusudi. Mahali ambapo maji yafika kiunoni, na watu wazima wakiwapo, upindue mtumbwi wako. Toka chini yake, ushike, utulie, kisha uugeuze na kuchota maji. Mtumbwi wa gogo ukijaa maji kwa kawaida huelea bado, maana ni mti. Kwa hiyo kanuni ni moja: usiuache mtumbwi ukaogelea kwenda pwani, hata kama pwani yaonekana karibu. Macho hudanganya juu ya maji, na kichwa cha mtu hakionekani kwa mbali kama mtumbwi uonekanavyo. Aliyekwisha kupinduka mara 10 katika maji mafupi, siku ya kupinduka kweli hatashangaa. Na asiyeshangaa huweza kufikiri.

Ngazi ya tano ni kwenda peke yako mbele ya macho ya mtu aliyesimama pwani, ndani ya ghuba, siku ya utulivu. Fanya hivyo siku nyingi. Ndipo uongeze umbali kidogo kidogo. Usiongeze mambo mawili mapya kwa siku moja. Kama leo unakwenda mbali zaidi, usichague leo kuwa siku ya upepo. Kama leo unachukua mzigo, usipite ng'ambo ya rasi usiyoijua.

Matayarisho kabla ya kusukuma mtumbwi

Aliyefundishwa vema kupanda farasi hapandi kabla ya kuukaza na kuujaribu ukanda wa tandiko, na kuzitazama kwato. Hufanya hivyo kila siku, hata kama alifanya jana, hata kama ana haraka. Nawe uwe na mambo matano, uyafanye kwa utaratibu ule ule kila mara, mpaka ukiacha moja uone kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango.

1. Tazama mbingu na maji. Je, pana wingu jeusi juu ya milima ya Kongo? Je, mbali ziwani pana mistari myeupe ya povu, ijapokuwa hapa pametulia? Kisha waulize wavuvi wazee. Macho yao yameziona siku nyingi kuliko zako.

2. Tazama chombo. Pitisha mkono ndani yake tangu omo mpaka tezi. Tafuta ufa, au kalafati iliyotoka. Hakikisha kwamba umo upo wa kuchotea maji, umefungwa kwa kamba usipotee. Hakikisha kwamba kuna kafi mbili, maana mwenye kafi moja ikimvunjikia hana mkono tena.

3. Jitazame mwenyewe. Je, umekula? Je, u mzima, au una homa? Je, umelala vema? Vaa jaketi la kuokolea, ulifunge kabla ya kuondoka. Jaketi lililolala chini ya mzigo halimwokoi mtu.

4. Mwambie mtu. Mwambie unakwenda wapi, kwa njia gani, na utarudi saa ngapi. Tena mwambie akufanyie nini ukichelewa. Aliyekwenda peke yake pasipo mtu kujua amejificha kutoka kwa wale watakaomwokoa.

5. Kata shauri la kurudi kabla ya kwenda. Chagua mahali utakapogeukia, na alama itakayokurudisha mapema: upepo ukibadilika, au maji yakianza kuingia, au mkono ukichoka. Nguvu zako zigawe mafungu matatu: fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, na fungu la tatu usiliguse, liwe la dhiki.

Vijana wawili

Tuwafikirie vijana wawili wa Kibirizi, waliotumwa asubuhi moja kupeleka muhogo katika kijiji cha upande wa kaskazini, kila mtu na mtumbwi wake. Wa kwanza ana nguvu nyingi na maneno mengi. Anatupa kikapu chake ndani, anasukuma, anakwenda. Wa pili anasimama kwanza, naye anamwona mzee mmoja akishona wavu.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Waenda wapi?”

“Naenda kaskazini, babu, nirudi kabla ya adhuhuri. Je, ziwa lasemaje leo?”

“Sasa limelala. Lakini tangu juzi kusi yaamka saa nne. Ukiona majani ya kilimani yanageuka, usingoje kuambiwa.”

“Ahsante, babu. Nisipoonekana adhuhuri, tafadhali umwambie baba.”

Kijana huyo anautazama mtumbwi wake, anafunga upo, anakwenda karibu na pwani. Njiani anaona majani ya kilimani yakigeuka. Mwenzake, aliye mbali zaidi ziwani kwa kupenda njia fupi, anamcheka na kumwita mwoga. Yeye anaingia katika ghuba ndogo, anauvuta mtumbwi mchangani, anangoja. Saa nne na nusu ziwa lote ni jeupe. Yule wa kwanza sasa anapiga kafi kwa nguvu zake zote, na kila akitazama pwani anaiona iko pale pale, au imekwenda mbali kidogo. Maji yamo mtumbwini, na upo hana. Ikiwa wavuvi watamwona, atapona. Wasipomwona, hakuna ajuaye alipita njia gani.

Je, mwenye moyo ni nani kati ya hao wawili? Nguvu za mikono zilikuwa kwa wa kwanza. Lakini wa pili alikuwa na kitu kikubwa zaidi: aliweza kujiamuru mwenyewe pasipo mtu wa kumwamuru, tena alistahimili kuchekwa. Mtu aliye peke yake hana budi kuwa mwanafunzi na mwalimu kwa wakati mmoja. Na yule mwalimu aliye ndani asipotiiwa, kuwa peke yako ni hatari tupu.

Walivyofanya watu wa zamani

Wasafiri wakubwa wa ziwa hili hawakuona haya kuwa na tahadhari. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja la mvule, kwenda kaskazini kuuchungua mto Rusizi. Walifuata pwani, wakatua mara kwa mara kupiga kambi, na wapiga kafi wao walikuwa watu walioijua njia ile. Safari ilikuwa ya siku 28, nao wakarudi salama na habari ya hakika: mto Rusizi huingia ziwani, hautoki.

Tena iko habari ya meli. Wajerumani waliijenga meli iitwayo Graf von Götzen huko Papenburg, wakaileta vipande vipande mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, katika vita, iliwapasa kuizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi isitwaliwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito ili isile kutu. Hawakujua nani ataipandisha, wala lini. Waingereza waliipandisha mwaka 1924, wakaona mitambo ingali ya kufaa. Na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kazi ya saa chache, iliyofanywa vema katika wakati wa taabu, ililinda meli miaka mingi chini ya maji.

Hivyo ndivyo yalivyo matayarisho. Siku nyingi huonekana kama kazi bure: upo haukutumika, kafi ya pili haikuguswa, baba hakuhitaji kwenda kumtafuta mtu. Lakini siku moja katika siku mia, vitu hivyo ndivyo vinavyomrudisha mtoto kwa mama yake. Wala hapana ajuaye ile moja ni ipi. Kwa hiyo huna budi kujitayarisha katika zote mia.

Ewe kijana wa ziwa, usiuogope mtumbwi, wala usiudharau. Jifunze mbele ya watu, zoea kidogo kidogo, tayarisha kila siku. Ndipo siku utakaposukuma peke yako, hutakuwa na haja ya kujivuna wala kutetemeka. Utapiga magoti mahali pako, utatazama mbingu mara moja tena, nawe utakwenda.

MASWALI

1. Kwa nini farasi hawakuweza kukaa katika nchi zenye mbung'o?
2. Eleza kwa nini upepo wa mchana na upepo wa usiku huvuma pande mbalimbali.
3. Kwa nini mtu aliyepinduka asiuache mtumbwi wake?
4. Taja mambo matano ya kutayarisha kabla ya safari. Ni lipi kati ya hayo ambalo watu wa kwenu husahau mara nyingi?
5. “Kuwa mwanafunzi na mwalimu kwa wakati mmoja.” Eleza maana ya maneno haya kwa mfano mwingine, usio wa mtumbwi wala wa farasi.